Reli Inapoishia Ziwani

Stesheni ya reli ya Mwanza haimo kwenye kadi za posta. Mgeni akifika mjini hupelekwa kupiga picha Jiwe la Bismarck, akapandishwa Capri Point kutazama jua likizama, akamalizia na sato wa kuchoma. Stesheni iko kusini kidogo ya katikati ya mji, mtu anaifikia kwa miguu bila kutoka jasho, lakini hakuna anayepelekwa kuitazama. Mimi nataka tuitazame. Imekuwapo tangu reli ilipofika hapa mwaka 1928, kwa hiyo ina umri wa kutosha kusomwa kama tunavyosoma diwani ya zamani. Na mwenzake mpya, wa reli ya mwendokasi, yuko njiani. Kabla hatujakabidhiwa jengo la kushangilia, ni vizuri tujue tunashangilia nini.

Waliopitia somo la fasihi wanakumbuka mgawanyo wa fani na maudhui. Maudhui ya stesheni hayana fumbo: watu na mizigo wanatoka mahali kwenda mahali. Uzito wote uko kwenye fani, yaani jinsi kazi hiyo ilivyopangwa, kimegawanywa nini, kimewekwa wapi, nani anapita mlango gani. Kosa la kwanza la wanaotazama stesheni ni kuanza na uso wa jengo. Muundo wa stesheni hauanzii ukutani. Unaanzia chini, kwenye reli yenyewe, na swali la kwanza ni jepesi: hapa reli inapita au inaishia?

Shinyanga reli inapita. Treni inaingia, inasimama, inaondoka kwa upande wa pili. Wanaoshuka hapo ni sehemu tu ya waliomo, wengine wanabaki wamelala na miguu ikining'inia, na anayepanda anajiunga na safari iliyokwishaanza bila yeye. Mwanza reli inaishia, na hilo linabadilisha kila kitu. Hakuna anayebaki ndani. Umati wote unamwagika kwa mara moja upande mmoja, na magunia, ndoo, watoto na kuku. Kichwa cha treni kilichovuta mabehewa kutoka Tabora kinajikuta kimebanwa mwisho wa njia, na treni nzima iko nyuma yake. Ili treni irudi, lazima kishantiwe: kifunguliwe, kisogee mbele, pointi igeuzwe, kipite njia ya pembeni hadi mkiani, kifungwe upya pale palipokuwa nyuma na sasa ni mbele. Kwa hiyo stesheni ya kuishia lazima iwe na njia ya ziada ya kuzungukia, na urefu wa njia hiyo ndio unaoamua urefu wa treni inayoweza kupokelewa. Mchoraji hakuchagua. Umbo limetokana na tendo la kugeuka.

Urefu wa jukwaa, umbali kati ya lango na reli, eneo pana lililoachwa wazi ambalo mpita njia huliona kama kiwanja kilichosahauliwa, vyote vina sababu. Ukikitazama kiwanja hicho kwa muda utagundua kwamba ndicho stesheni yenyewe. Jengo la abiria ni kibanda cha mlinzi ukililinganisha na eneo la njia, mabehewa na maghala.

Na uwiano huo una historia. Wajerumani waliianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, huku Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa wengi miongoni mwa vibarua walioijenga. Mwanza ilirukwa. Mzigo wa huku ulipanda meli, ukavuka ziwa hadi Kisumu, ambako Reli ya Uganda ilikuwa imefika tangu 1901, kisha ukateremka hadi Mombasa. Maana yake, kwa miongo zaidi ya miwili bandari ya Mwanza ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulifunguka upande wa Kenya. Waingereza walipoishika Tanganyika walijenga tawi la kutoka Tabora, takriban kilomita 380, likifuata Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela. Kilichokuwa kikisubiriwa na tawi hilo hakikuwa abiria. Ilikuwa pamba ya Usukuma, marobota yake, na kila kitu ambacho mkulima aliyeuza pamba angetaka kununua. Stesheni iliyojengwa kwa ajili ya marobota huwa na maghala makubwa na chumba kidogo cha kukatia tiketi. Mwanza inasema ukweli huo waziwazi hadi leo, na mimi ninauheshimu ukweli wa jengo hata pale unaponiuma kwamba babu zetu walihesabiwa kama nyongeza ya mzigo.

Lakini Mwanza haina mwisho mmoja wa reli. Ina miwili, na wa pili ndio mzuri zaidi.

Treni inayotoka Tabora, kabla ya kuingia mjini, hupita bandari ya Mwanza Kusini. Pale njia inachepuka na kuteremka kuelekea majini, na haikomei ukingoni. Inaendelea juu ya daraja la chuma linalonyanyuka na kushuka, kisha inaingia ndani ya meli, kwa sababu sakafu ya meli nayo ina reli. MV Umoja, iliyojengwa miaka ya 1960 enzi za shirika moja la reli la Afrika Mashariki, inameza mabehewa 19 ya mizigo na kuyapeleka Port Bell, Uganda. Huko nako reli inalingana na reli, na behewa linaendelea na safari yake bila gunia hata moja kubebwa begani. Mwaka 2018, baada ya miaka kadhaa ya kusimama, mizigo ya kwenda Uganda kwa njia hiyo ilianza tena kuonekana.

Nawasihi wasomaji wa Mwanza wanaopata nafasi walitazame lile daraja kwa makini. Tatizo lake la kifani ni gumu kuliko la jengo lolote la mji huu. Upande mmoja kuna ardhi, ambayo haisogei. Upande wa pili kuna meli, ambayo inazama kidogo kila behewa linapoingia na kuinuka kila linapotoka. Katikati kuna ziwa, ambalo kina chake hakiaminiki: mwaka 2020 maji yalipanda hadi kukipita kilele cha 1964, na pwani nzima ya ziwa, kuanzia Kisumu hadi Jinja, watu walihama nyumba. Reli inataka kitu kimoja tu, kwamba kipande na kipande vikutane bila ngazi, kwa sababu gurudumu la chuma halisamehi tofauti ya urefu. Jibu ni bawaba. Mwisho wa nchi kavu umefungwa kwa bawaba ili mwisho wa pili uweze kuifuata meli. Na kupakia nako kuna nidhamu yake: mabehewa huingizwa kwa kupokezana kati ya njia za pembeni, kulia kisha kushoto, kwa kuwa ukijaza upande mmoja kwanza meli italala. Hivyo hata mpangilio wa kazi, nani anatangulia na nani anasubiri, umeandikwa ndani ya umbo.

Hiyo ndiyo fani ninayoipenda: kitu kilichochukua sura yake kutokana na shida halisi ya mahali pake. Kila pini iliyopo pale inajibu swali lililoulizwa na ziwa. Hakuna pambo, na bado ukisimama pale unajua uko Mwanza, wala usingeweza kudhani uko Dodoma.

Sasa twende Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mtindo mpya ulikotangazwa. Safari za abiria za treni ya umeme, kwenye reli hiyo ya mwendokasi, zilianza katikati ya mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma. Nilifurahi kama kila mtu. Treni inaondoka kwa saa iliyoandikwa, njia inatoka katikati ya mji kwa daraja refu linalopita juu ya msongamano, na mama mwenye mtoto mgongoni anafika Dodoma mchana akiwa na nguvu za kuendelea na shughuli zake. Mafanikio hayo sitayadogosha kwa neno hata moja. Ninachohakiki ni jengo.

Stesheni ya Dar es Salaam imechorwa kwa wazo la tanzanite. Uso wake ni vioo vilivyokatwa kwa pembe pembe, kimoja kikiegemea kingine, ili jengo zima lionekane kama kito kilichochongwa. Kwa mbali wazo linafanya kazi. Kwenye picha iliyopigwa kutoka angani linafanya kazi zaidi, na nadhani ndiyo maana picha hizo zimesambaa sana. Tatizo linaanza unapokaribia. Kito ni umbo la kushikwa mkononi na kugeuzwa, na uzuri wake ni kwamba jicho linazizunguka pande zake zote kwa wakati mmoja. Jengo haliwezi kugeuzwa. Abiria anayelijia kwa miguu kutoka Kariakoo anaona upande mmoja, halafu nusu ya upande, halafu anapofika mlangoni tanzanite imeshatoweka na kilichobaki ni viungo vya vioo na fremu za chuma. Ndani, kwenye ngazi na sehemu za kusubiria, hakuna tena kinachotokana na kito. Taswira iliyobebwa na uso imeachwa nje kama viatu msikitini.

Shairi lenye taswira moja kubwa katika ubeti wa kwanza, isiyorudi wala kuzaa kitu katika beti zinazofuata, mhakiki husema taswira hiyo imepachikwa. Nalisema hilo hapa. Na naongeza swali la mandhari: tanzanite ilipatikana Mererani mwaka 1967, chini ya Kilimanjaro, mahali ambapo treni hii haifiki. Dar es Salaam ni mji wa bandari, wa jahazi, wa ukuta wa matumbawe na baraza yenye kivuli. Kwa nini mlango wake wa reli uvae kito cha kaskazini? Jibu ninalolisikia ni kwamba tanzanite ni alama ya taifa. Sawa, lakini alama ya taifa inaweza kuwekwa popote, na hapo ndipo ubaya wake kifani ulipo: kitu kinachofaa popote hakijajibu swali la mahali hata pamoja. Vioo vingi kiasi kile chini ya jua la pwani vinahitaji ubaridi wa mashine mwaka mzima. Matumbawe na baraza havikuhitaji.

Ya Dodoma ina nafuu. Wazo lake limetokana na majabali ya Dodoma, na walau mtu akitoka mlangoni anaweza kuliona jabali halisi na kulinganisha. Hata hivyo bado ni kuchora. Jabali limeigwa kwa paa. Halijafundisha chochote kuhusu namna ya kukaa kwenye ardhi ile.

Kuna njia nyingine, na mfano bora ninaoujua uko mbali, Firenze, Italia. Naueleza kwa urefu kwa sababu tatizo lao lilifanana na litakalotupata sisi.

Mwaka 1932 lilitangazwa shindano la kujenga stesheni mpya ya Firenze mahali pa ile ya zamani ya 1848. Mahali penyewe palitisha. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la Santa Maria Novella, la karne nyingi, moja ya makanisa yanayopendwa kuliko yote Italia, na stesheni ingelitazama kwa nyuma. Michoro zaidi ya 100 ilipelekwa. Tunaweza kukisia vishawishi vilivyokuwepo: kuiga kanisa kwa matao na nguzo, au kulishinda kwa ukubwa. Milano walikuwa wamemaliza kushinda kwa ukubwa. Stesheni Kuu yao, kazi ya Ulisse Stacchini, ilifunguliwa 1931 ikiwa na uso wa upana wa mita 200 hivi, umejaa sanamu za farasi wenye mbawa na mapambo ya kila aina. Ni jengo la kushangaza, na linamfanya abiria ajione mdogo, jambo ambalo utawala wa Mussolini haukulichukia.

Walioshinda Firenze walikuwa Giovanni Michelucci na vijana wenzake watano, waliojulikana kama Gruppo Toscano. Jengo lao likafunguliwa 1935. Tazama walichofanya. Kwanza walilaza jengo chini. Uso wake ni ukuta mrefu wa mlalo, mpweke, hauna nguzo hata moja, na mnara wa kanisa unaendelea kuwa kitu kirefu kuliko vyote pale. Pili, walichukua jiwe la mji. Ukuta umevishwa jiwe la mchanga la rangi ya kahawia linaloitwa pietra forte, lile lile ambalo Firenze imelitumia karne kwa karne kwenye majumba yake na kwenye mgongo wa kanisa hilo. Hakuna tao lililoigwa, hakuna dirisha lililonakiliwa. Jiwe tu. Ukisimama uwanjani unaona majengo mawili yasiyofanana umbo hata chembe yakikubaliana rangi na uzito.

Tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Ukuta huo mzito umekatwa mahali pamoja, na hapo kioo kinateremka. Kinaanzia juu ya paa la ukumbi wa tiketi, kinakuja mbele, kinajikunja ukingoni na kushuka ukutani kwa ngazi kama maji ya maporomoko. Mgeni asiyejua Kiitaliano anajua mlango uko wapi, kwa kuwa ndipo jiwe lilipofunguka. Na akiingia, kioo kile kile alichokiona nje sasa kiko juu ya kichwa chake, kikimmwagia mwanga mahali anapohitaji mwanga, yaani anapohesabu hela na kusoma tiketi. Taswira ya nje na tendo la ndani ni kitu kimoja. Mbele yake kuna ukumbi mrefu unaokaa kwa upana mwishoni mwa njia zote, kwa sababu Firenze nayo ni stesheni ya kuishia. Treni zinakuja na kusimama mbele ya ukumbi huo zikiwa sambamba, na abiria anatembea akizipita moja moja hadi aione yake. Mwisho wa reli umekuwa chumba.

Sitaki mtu aondoke na picha kwamba jengo zuri hutakasa shughuli zake. Novemba 1943 Wayahudi wa Firenze walipakiwa pale kwenye treni iliyowapeleka Auschwitz. Fani njema inaweza kufanyishwa kazi mbaya, kama reli yetu wenyewe ilivyojengwa kwanza ili kuitoa mali nje. Mhakiki anayesifu fani lazima aliseme hilo, kisha aendelee kusoma.

Turudi Mwanza, na kwa kweli turudi Buswelu ninakoishi, kwa kuwa huku jiwe halihitaji kutafutwa. Ukitoka nje ya uzio wowote unalikuta. Vilima vya Ilemela ni granaiti iliyopangana bila mpango, mabonge yenye ukubwa wa nyumba yamekaa juu ya mengine kwa nukta ndogo ya kugusana. Kwenye miteremko wanakaa wapasua kokoto, wengi wao akina mama. Jabali huchomwa moto hadi linapasuka maganda, vipande hupigwa nyundo, kisha vinapangwa kwa ukubwa: mawe ya msingi huku, kokoto kubwa kule, ndogo za zege pembeni. Kila fungu lina bei yake. Kitu cha kutazama ni kingo za kokoto. Jiwe lililopasuliwa linakuwa na ncha na pembe, na hilo ndilo linalolipa thamani, kwani kokoto zenye pembe zinang'ang'aniana. Za mviringo za mtoni huteleza. Kokoto za aina hiyo ndizo zinazolala chini ya mataruma ya reli nyingi duniani, zikikamata njia isisogee treni inapopita juu yake na kuyaachia maji ya mvua yapenye. Jiwe kama hili letu, basi, limekuwa ndani ya usanifu wa reli siku zote, ila liko chini, mahali ambapo hakuna anayekata utepe.

Halafu tazama nyumba. Wenye mamlaka ya mipango miji hulalamika kuhusu makazi ya milimani, Mabatini, Igogo, Bugarika, na wana sababu zao: maji machafu, barabara, usalama. Lakini kwa jicho la fani, milima ile ina somo ambalo hakuna ofisi ya michoro ya mjini iliyolifikia. Fundi anayejenga pale hawezi kuliondoa jabali, hana mashine wala hela. Anaanza kwa kuuliza jabali linaruhusu nini. Anajenga msingi wa mawe kwenda juu upande wa bondeni hadi usawa upatikane, upande wa mlimani anauacha mwamba uwe ukuta wa nyuma, na ngazi anazipitisha kwenye mwanya uliokuwapo tayari. Hakuna nyumba mbili zenye ramani moja. Kwa mbali, kutoka ziwani, mtu haoni mahali mlima unapoishia na nyumba inapoanzia. Mwanza imeshajua kuishi na jiwe kwa karne nzima. Kinachohitajika ni mchoraji wa stesheni kuja kukaa na mafundi wale kabla hajafungua kompyuta.

Kwa hiyo, reli mpya ya kutoka Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, ikituletea stesheni yenye paa lililochongwa mfano wa samaki au mfano wa jabali, nitafurahia treni na nitalihakiki jengo vile vile. Sangara mkubwa wa chuma juu ya paa hatasaidia chochote kwa abiria aliyesimama chini yake. Ukuta wa granaiti ya hapa hapa, uliopasuliwa na watu wa hapa na kuachwa na kingo zake, utamsaidia: unabaki na ubaridi mchana, hauhitaji rangi, na unamwambia amefika wapi hata kabla hajasoma kibao.

Kuna jambo jingine ambalo tawi la 1928 lilijifunza lenyewe bila mchoraji. Stesheni ndogo za njiani, Malampaka, Malya, Bukwimba, ziligeuka kuwa masoko. Treni ilikuwa ikisimama kwa muda wa kutosha, madirisha yalifunguka, na jukwaa lilikuwa chini kiasi kwamba mtu aliyesimama ardhini na sinia kichwani alikuwa na uso wake usawa wa kiuno cha aliyeketi ndani. Biashara nzima ilikaa kwenye tofauti hiyo ya urefu. Muuzaji anainua sinia, mnunuzi anainama, hela inashuka, karanga au mchele unapanda, na gadi akipuliza filimbi kila mmoja anajua ana pumzi ngapi zimebaki. Hakuna aliyeyabuni mapatano hayo mezani. Yalitokana na kimo cha behewa, kimo cha jukwaa na uvivu wa ratiba.

Treni ya umeme imeyafuta yote matatu. Madirisha hayafunguki kwa sababu ya viyoyozi, jukwaa limeinuliwa likalingana na mlango, na kusimama ni dakika chache. Kila badiliko ni jema peke yake. Mzee asiyeweza kupanda ngazi za behewa la zamani sasa anaingia akitembea, na hilo tu linatosha kunifanya nilitetee jukwaa lililoinuliwa mbele ya yeyote. Ila kwa jumla yamemwondoa mama mwenye sinia bila mtu yeyote kuamua kumwondoa. Kama fani ndiyo iliyomwondoa, fani ndiyo inayopaswa kumrudisha: eneo lenye paa ndani ya uwanja wa stesheni, kati ya kituo cha daladala na lango la ukaguzi, lenye meza za kimo cha mtu aliyesimama, maji ya bomba na mahali pa kumwaga maji machafu. Kwenye michoro eneo kama hilo hukaa mwishoni, ikibaki nafasi. Ningetaka lianze.

Na mwisho kuna lile ziwa. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani, pamoja na ile iliyolazwa kwenye sakafu ya MV Umoja, ni ya milimita 1,000. Behewa la mwendokasi haliwezi kupita lile daraja la bawaba la Mwanza Kusini hata kwa kulazimishwa, na kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu meli ile ianze kazi, mzigo wa Uganda unaokuja kwa reli mpya utalazimika kushushwa Mwanza na kupakiwa upya. Mahali pa kufanyia kazi hiyo, umbali wake kutoka majini, paa lake, kimo cha majukwaa yake mawili ya vipimo viwili vya reli, na njia ya wabeba mizigo kati yake, ni mtihani mgumu wa kifani kuliko uso wowote wa jengo la abiria. Mchoro wake ndio ningependa kuuona umebandikwa kwenye mbao za matangazo za Ilemela na Nyamagana kwanza, mafundi na wachukuzi wausome na kuukosoa wakati kalamu bado iko mezani.